Pembe ya Demani

Demani ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Pembe ya mbele, ile inayofungwa chini karibu na omo, ni goshi. Pembe ya tatu hupanda mlingotini kwa kamba iitwayo henza. Mabaharia wa Kiswahili walizichukua pembe hizo mbili za chini wakazifanya dira ya chombo kizima: upande unakotoka upepo ni goshini, upande unakokwenda ni demanini. Majira nayo yakaingia humohumo, kwani demani ni pia miezi ya mwisho ya kusi, Agosti kuelekea Novemba, upepo unapotulia na safari zikawa njema. Neno moja linabeba kamba, ubavu wa chombo na msimu. Haishangazi. Katika kamba hiyo ndipo upepo wote unapokutana na mkono wa mtu.

Anayeanza kusafiri kwa tanga hufundishwa kwanza mambo mawili ya demani: kuikaza na kuilegeza. Hayo ni majibu ya swali moja tu, yaani demani ivutwe kiasi gani. Liko swali jingine, nalo huchelewa kuulizwa: ivutwe kutokea wapi. Katika boti ndogo ya safari yenye matanga mawili, moja nyuma ya mlingoti na jingine mbele yake, demani ya tanga la mbele hushuka kutoka tangani, hupita katika kapi lililo juu ya sitaha, ndipo ikafika kwenye winchi au mkononi. Kapi hilo hukaa juu ya reli fupi. Linaweza kusogezwa mbele au nyuma, na katika boti nyingine linaweza pia kusogezwa ndani kuelekea katikati ya chombo au nje kuelekea ubavuni. Likisogea upana wa kiganja kimoja tu, tanga lote hubadilika umbo, hata kama mvutaji hakuongeza nguvu yoyote. Mtu anaweza kuvuta hadi mishipa ya mikono imtoke, na boti isiende. Akasogeza kapi, akavuta kwa nguvu ileile, na boti ikaondoka.

Pembe ya demani hupimwa juu ya sitaha. Mstari wa kwanza ni ule unaokata chombo katikati, kutoka omo iliyo mbele hadi tezi iliyo nyuma. Mstari wa pili hutoka kwenye goshi hadi kwenye kapi. Nafasi iliyo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo pembe yenyewe. Boti za mashindano, zenye mkuku mrefu chini na matanga yaliyokatwa kwa ustadi mkubwa, huweza kwenda kwa digrii 7 hadi 9. Boti ndogo za safari hufanya vizuri zaidi kwenye digrii 10 hadi 12, na nyingine hutaka zaidi ya hapo.

Kipimo hiki hakihitaji chombo cha gharama. Futi ya fundi seremala inatosha. Kwa kila mita moja kutoka goshi kwenda nyuma, digrii moja ni kama sentimita 1.75. Kapi likiwa mita 3 nyuma ya goshi, digrii 8 ni sentimita 42 kutoka mstari wa katikati, digrii 10 ni sentimita 53, na digrii 12 ni sentimita 64. Kutoka pembe ya mshindani hadi pembe ya msafiri ni sentimita 22 tu, umbali ambao mtu anaufunika kwa shubiri moja. Lakini ndani ya shubiri hiyo mna tofauti kati ya boti inayopanda upepo na boti inayolala ubavu ikisukumwa pembeni.

Sababu yake inaeleweka kwa kutazama nguvu inatoka wapi. Upepo unapopita pande mbili za tanga, nguvu inayozaliwa huelekea karibu pembe mraba na tanga lenyewe. Tanga likiwa karibu sana na mstari wa katikati, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huelekea ubavuni: chombo huinama, mkuku huzidiwa, na safari huwa ya kando kuliko ya mbele. Tanga likiwa nje zaidi, nguvu huelekea mbele na mwendo huwa mzuri, ila omo haiwezi kuukaribia upepo, maana tanga litaanza kupigapiga kabla ya hapo. Kila boti ina mahali pake kati ya hayo mawili. Boti nzito yenye mkuku mfupi ikilazimishwa kwenye pembe nyembamba huonekana kwa macho kana kwamba inaelekea panapotakiwa, kumbe inateleza kwenda demanini kila dakika. Macho huangalia omo, lakini ukweli uko nyuma, kwenye mkondo wa povu unaoachwa na tezi. Mkondo huo ukiwa umekengeuka sana kutoka mstari wa chombo, pembe ni nyembamba mno.

Kusogeza kapi mbele na nyuma ni habari nyingine. Kapi likienda mbele, demani huvuta zaidi kuelekea chini. Ukingo wa nyuma wa tanga hukazwa, sehemu ya juu hufungwa, na ukingo wa chini hulegea na kujaa tumbo. Kapi likienda nyuma, demani huvuta zaidi kuelekea nyuma. Ukingo wa chini hunyooka, ukingo wa nyuma hulegea, na sehemu ya juu hufunguka ikamwaga upepo. Kwa kuanzia, baharia huitazama demani na kuurefusha mstari wake kwa macho, kupita pembe ya tanga hadi kwenye ukingo wa mbele. Mstari huo ukigonga karibu na katikati ya ukingo wa mbele, kapi liko mahali pa kuanzia. Kilichobaki ni kusikiliza upepo wa siku hiyo.

Tanga la mbele halitakiwi kuwa bapa kama mlango. Karibu na maji upepo husuguana na mawimbi ukapungua kasi. Juu, penye mwisho wa mlingoti, una kasi zaidi. Kwa kuwa chombo nacho kinakwenda, upepo unaolifikia tanga ni mchanganyiko wa upepo halisi na ule unaozaliwa na mwendo. Juu, ambako upepo halisi una nguvu, mchanganyiko huo hutokea ubavuni zaidi. Chini hutokea mbele zaidi. Ndiyo maana tanga zuri hujipinda kidogo kutoka chini hadi juu, kila sehemu ikiupokea upepo kwa pembe iliyo yake. Kapi ndilo linaloamua mpindo huo uwe wa kiasi gani.

Mkoa wa Kagera, magharibi mwa Ziwa Victoria, una mfano wa mpindo huo shambani. Jani changa la mgomba hufunguka likiwa zima, pana, linang'aa, na upepo ukilishika hulipinda pamoja na shingo yake. Baada ya siku za upepo jani hilo huchanika kufuata mishipa yake likawa vipande vipande, na kila kipande huzunguka kivyake upepo unapovuma. Mgomba wenye majani yaliyochanika husimama ambapo jani zima lingeuvuta chini. Jani limepoteza nguvu ya kushika upepo, na kwa kupoteza huko limeokoa shina. Tanga lililofunguliwa juu hufanya kazi hiyohiyo bila kuchanika: linaachia upepo sehemu ya juu, ambako msukumo wake ndio unaoinamisha chombo zaidi, na kubakiza nguvu sehemu ya chini, ambako msukumo wake ni wa mbele zaidi kuliko wa kuangusha.

Dalili za kapi huonwa kwa nyuzi. Vipande vifupi vya uzi wa sufu hubandikwa karibu na ukingo wa mbele wa tanga, pande zote mbili, chini, katikati na juu. Upepo ukipita vizuri, nyuzi zote hulala zikielekea nyuma. Uzi wa upande wa goshini ukianza kuruka na kucheza, omo imeukaribia upepo kupita kiasi au demani imelegea. Uzi wa upande wa demanini ukianguka na kuyumba, omo imekaa mbali na upepo au demani imekazwa mno. Hewa imebanduka nyuma ya tanga, na nguvu imekufa ingawa tanga linaonekana limejaa. Kosa hili la pili ndilo la kawaida zaidi, kwa sababu tanga lililokazwa mno hunyamaza. Tanga lililolegea hupiga kelele hadi mtu ainuke. Lililokazwa kupita kiasi hupendeza macho, hulala kimya, na chombo hupoozea majini.

Kapi lenyewe hujaribiwa hivi. Chombo kikiwa kinabisha, yaani kinapanda upepo, usukani huelekezwa polepole kuelekea upepo huku nyuzi za goshini zikitazamwa. Uzi wa juu ukianza kucheza kabla ya wa chini, sehemu ya juu imefunguka mno, na kapi lisogezwe mbele. Uzi wa chini ukianza kwanza, kapi lirudi nyuma. Zote zikianza pamoja, kapi limepata mahali pake. Jaribio zima halichukui dakika mbili, na halihitaji chochote ila subira ya anayeshika usukani.

Nyuzi hizi zina historia fupi. Arvel Gentry, Mmarekani mtaalamu wa mwendo wa hewa kwenye mabawa ya ndege, alizitumia na kuzieleza katika miaka ya 1970 alipoyageuzia matanga elimu yake. Ni yeye pia aliyesahihisha imani ya muda mrefu kuhusu uwazi ulioko kati ya tanga la mbele na lile la nyuma. Ilikuwa ikisemwa kwamba upepo hubanwa katika uwazi huo, ukaongeza kasi kama maji kwenye mfereji mwembamba na kulipa nguvu tanga la nyuma. Gentry alionyesha kwamba mambo ni kinyume. Matanga mawili yakiwa pamoja, hewa ndani ya uwazi huo hupunguzwa kasi, na nyingi zaidi huelekezwa kupita upande wa demanini wa tanga la mbele. Kwa hiyo tanga la nyuma ndilo linalomtumikia mwenzake, na tanga la mbele hupata upepo mzuri kuliko ambao lingeupata peke yake. Kwa anayesogeza kapi, somo ni moja: demani ya mbele ikivutwa ndani mno, uwazi huzibika, tumbo la tanga la nyuma hurudi ndani karibu na mlingoti, na matanga mawili yaliyokuwa yakisaidiana huanza kunyang'anyana hewa.

Ziwa Victoria mbele ya mji wa Bukoba ni mwalimu mwadilifu wa mambo haya, kwa kuwa upepo wake hubadilika kwa saa zinazojulikana. Asubuhi, nchi kavu ikiwa imepoa usiku kucha, hewa hushuka kutoka milimani kuelekea majini. Mchana, jua likishaipasha nchi, hewa hugeuka na kuvuma kutoka ziwani. Aliye Hamugembe, ndani ya mji huo, anaweza kuusoma mgeuko huo bila kufika ufukweni: moshi wa jiko la asubuhi huinama kuelekea mashariki, liliko ziwa, na moshi wa jiko la alasiri huinama kuelekea milimani. Juu ya mzunguko huo wa kila siku hupanda kusi ya katikati ya mwaka, inayokuja kutoka kusini-mashariki.

Boti inayotoka Bukoba alfajiri kwenda kisiwa cha Musira, kilicho mbele ya mji, hupata upepo wa nyuma. Hapo pembe ya demani karibu haina kazi. Tanga la mbele hufunikwa na tanga la nyuma, na lililo muhimu ni kulitoa nje lishike hewa. Alasiri, safari ileile ni ya kubisha moja kwa moja. Hapo kila sentimita ya reli ina thamani, na mawimbi ya ziwani huingia katika hesabu. Mawimbi haya ni mafupi na yamesimama wima, yanafuatana kwa haraka kuliko yale marefu ya bahari ya Hindi. Kila wimbi linaloipiga omo huila kasi ya chombo. Tanga lililonyooshwa bapa kwa kutafuta pembe nyembamba halina nguvu ya kukitoa chombo kwenye pigo hilo. Kwa hiyo kapi huenda mbele kidogo ili tanga lijae tumbo, demani hulegezwa kiasi cha vidole vichache, na nahodha hukubali kwenda mbali kidogo na upepo kuliko angependa. Njia inakuwa ndefu zaidi na muda unakuwa mfupi zaidi. Hilo ni somo gumu kulimeza, kwamba anayeng'ang'ania njia iliyo fupi hufika mwisho.

Safari ya kusini, kwenda visiwa vya Wilaya ya Muleba kama Bumbire, huonyesha hali ya tatu. Kusi ikitokea kusini-mashariki, njia hiyo iko karibu mno na upepo kwa boti nyingi kwenda moja kwa moja, hivyo itabidi kubisha. Kurudi Bukoba, upepo huwa nyuma ya bega. Na pale upepo unapogeuka mashariki, pande zote mbili za safari huwa za matanga kati, upepo ukipiga ubavuni. Katika mwendo huo demani hulegezwa, na pembe ya nyuma ya tanga hutoka nje na kupanda juu. Kapi lililokuwa sahihi wakati wa kubisha sasa liko ndani mno na nyuma mno; sehemu ya juu ya tanga hufunguka na kupigapiga huku ya chini ikiwa imekazwa. Dawa yake ni kulipeleka kapi mbele kabisa, au kufunga kamba ya pili kwenye pembe ya tanga na kuipitisha ukingoni mwa chombo, ili demani ivutwe kutokea nje. Tanga hutulia papo hapo, na usukani huwa mwepesi mkononi.

Upepo ukizidi, mpangilio hubadilika kwa hatua mbili ambazo hazitakiwi kuchanganywa. Hatua ya kwanza ni kurudisha kapi nyuma, ili sehemu ya juu ifunguke na chombo kisiiname mno. Hiyo ni kazi ya jani la mgomba. Hatua ya pili ni kulipunguza tanga lenyewe. Katika boti nyingi za leo tanga la mbele huviringishwa kwenye waya wake wa omo, na kadiri linavyoviringishwa ndivyo pembe yake ya nyuma inavyopanda na kusogea mbele. Sasa kapi lazima liifuate, liende mbele. Wengi husahau. Huviringisha tanga, huacha kapi lilipokuwa, kisha hushangaa kwa nini tanga dogo linatikisika kuliko lile kubwa. Kilichopungua ni kitambaa, lakini kilichoharibika ni pembe.

Jambo hili si la boti zenye reli na winchi peke yake. Katika mtumbwi wa mbao wenye tanga moja, reli ni mbao za kukalia na kapi ni mkono wa baharia. Anayeshika demani akihama kutoka ubao wa nyuma hadi ubao wa mbele yake, amelisogeza kapi mbele. Akiegemea nje ya ukingo, amepanua pembe. Ngalawa na mashua za pwani zimebisha kwa karne nyingi bila kipimo chochote cha digrii, kwa sababu mwili wa baharia umeshika kipimo hicho. Reli imeandika juu ya sitaha yale ambayo mkono ulikuwa ukiyajua, na faida yake ni kwamba kilichoandikwa kinaweza kurudiwa kesho na mtu mwingine.

Ustadi huu una mipaka, na maji ya Muleba yaliishuhudia mapema. Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa hili mwaka 1875 kwa boti yake Lady Alice, ya mbao za mierezi, yenye urefu wa futi 40. Mwezi Aprili, walipokimbia kutoka Bumbire baada ya kugombana na wenyeji, makasia yao yalikuwa yamechukuliwa. Watu wake waling'oa mbao za sakafuni mwa boti wakazifanya makafi. Mgogoro huo uliishia vibaya, kwani Agosti Stanley alirudi na jeshi akaua watu wengi wa kisiwa hicho. Kwa habari ya tanga, mbao zile zilizong'olewa zinasema jambo lililo wazi: pembe ya demani haizalishi upepo. Usipokuwepo, kilichobaki ni mikono.

Mpaka wa upande wa pili ni dhoruba. Magharibi mwa ziwa hupata ngurumo nyingi za usiku, hewa ya nchi kavu inapokutana juu ya maji na pepo za mashariki, na Bukoba hupokea karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Wahaya wa kale waliliweka ziwa na dhoruba zake chini ya mungu wao Mugasha, wakaonyesha hivyo kwamba kuna nguvu isiyojadiliwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa, na wingu jeusi linalopanda hutoa wake. Mbele ya wingu hilo hakuna reli ya kusogezwa. Tanga hushushwa mapema, mikono ikiwa bado mikavu.

Kwa siku zote zilizobaki, kazi hukamilika kwa kalamu ya wino usiofutika. Pembeni mwa reli huwekwa alama ya mahali kapi lilipokuwa nyuzi zote zilipoanza kucheza pamoja, tanga likiwa zima na upepo ukiwa wa wastani. Mbele yake huwekwa alama ya mawimbi, nyuma yake alama ya upepo mkali, na mbele kabisa alama ya tanga lililoviringishwa. Ubavu wa pili hupewa alama zilezile kwa kipimo cha futi, ili chombo kikigeuka upande kisiwe kipya. Mwenda tezi na omo, wanasema wahenga, marejeo ni ngamani. Na kila jaribio la pembe, liende mbele au nyuma kiasi gani, hurejea kwenye ile alama ya kwanza. Kutoka hapo demani hukazwa au hulegezwa, na nguvu ya mkono hupata njia ya kwenda.